Vitenzi vya Maswali na Ngazi za Fikira

Mwezi Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba mitihani ilipima uwezo wa kukariri mambo na kuyatoa yanapotakiwa, wala haikupima uwezo wa kufikiri. Baraza la Mitihani liliundwa mwaka 1973. Na Novemba 1974 Azimio la Musoma likataka kazi za kila siku za mwanafunzi nazo zihesabiwe. Tangu hapo utungaji wa mitihani ukawa pia jukumu la mwalimu wa darasani, na katika shule za msingi alitakiwa kuutimiza kwa Kiswahili.

Ngazi zenyewe zilikuwa zimekwisha kupangwa. Mwaka 1956, huko Marekani, Benjamin Bloom na wenzake walitaja sita, ambazo kwa Kiswahili twaweza kuziita maarifa, ufahamu, matumizi, uchambuzi, usanisi na tathmini. Lakini mwanafunzi hakutani na majina hayo. Akutanacho ni kitenzi kinachomwamuru, na hapo ndipo penye kasoro.

Tuchukue mfano wa Ngara. Swali lisemalo "Taja nchi mbili zinazopakana na wilaya hii" ladai kumbukumbu tu: Rwanda na Burundi. Lakini "Eleza Maporomoko ya Rusumo" ladai nini? Mmoja ataandika yalivyo na mahali yalipo. Mwingine ataandika kwa nini yalifaa kujengewa mtambo wa umeme wa megawati 80, wa nchi tatu kwa pamoja. Wote wawili wametii amri, kwa kuwa "eleza" hubeba maana zote mbili. Mwalimu aliyekusudia ya pili atamnyima alama wa kwanza.

Hasara humzidia mtoto aliyelelewa kwa Kihangaza, lugha iliyo karibu zaidi na Kirundi kuliko Kiswahili. Yeye hukisia maana ya kitenzi kabla ya kulifikiria swali, na kosa la istilahi huhesabiwa kuwa upungufu wa akili yake.

Yafaa, basi, vitenzi hivi visanifiwe kama istilahi nyingine. "Taja" kibaki cha kumbukumbu, "fafanua" cha maana, "linganisha" cha uchambuzi, na "tathmini" cha kutoa hukumu yenye hoja. "Eleza" kisisimame peke yake. Kifuatwe na "jinsi" au "sababu". Mwalimu asiyeamua anataka nini hawezi kupima alichopewa.