Kabla ya rafiki wa kwenye simu: wahusika wa kubuni waliozungumza na Kilimanjaro

Siku hizi kuna programu za simu ambazo kazi yake ni kukupa mtu wa kubuni wa kupiga naye soga. Unamchagulia jina, tabia na maisha, nawe unajipa nafasi yako: pengine wewe ni nahodha, yeye ni binti wa mfalme. Mnaigiza kwa kuandikiana hadi usiku wa manane, na upande wa pili hakuna mtu. Vijana wa Moshi wanazijua. Wazazi wengi wanaziona kama kitu kilichoshuka ghafla kutoka ng'ambo, lakini mkoa huu wa Kilimanjaro umezoea kuzungumza na watu wasiokuwapo tangu zamani, na ukiifuata historia hiyo utaona jambo jipya hasa ni lipi.

Wa kwanza ni Mawenzi, kilele cha Mlima Kilimanjaro, na jirani yake ni Kibo, kilele kingine cha mlima huo. Wachaga husimulia kwamba moto wake ulizimika, akaenda kwa Kibo kuomba kaa. Akamkuta anatwanga ndizi kavu. Kibo akampa moto, akamgawia na chakula. Mawenzi alinogewa, njiani akauzima moto makusudi, akarudi tena kuomba. Alivyozidi kurudi, Kibo alichoka, akamshukia kwa mchi, na ndiyo sababu kilele cha Mawenzi kimechongokachongoka hadi leo. Toka Rombo hadi Machame kila mmoja ana namna yake ya kuisimulia.

Kwetu kisa hiki kilichezwa. Bibi alikuwa Mawenzi, sisi wajukuu tukawa Kibo. Alikuwa anainama karibu na mafiga, anasalimu kwa Kichaga na kusema kwa sauti ya kuomba, "Shimbonyi, jamani, moto wangu umezimika," kisha ananyamaza na kututazama. Ilikuwa lazima umjibu. Ukimjibu kwa ukali mapema, Mawenzi alilia, akaanza kueleza njaa yake, na hadithi ikachukua njia ambayo jana haikuipita. Ukimpa moto kwa upole, alirudi na uongo mpya. Lakini bibi alikuwa anatuangalia macho. Akiona wadogo wamesinzia, mchi ulishuka haraka, na sote tukaenda kulala.

Sehemu ya hazina ya hadithi hizi iliandikwa mapema. Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri wa Leipzig, alifika Kilimanjaro mwaka 1902 na kutumia miaka yake mingi Old Moshi hadi 1938. Mwaka 1914 alichapisha kitabu kizima cha masimulizi ya Wachaga, Volksbuch der Wadschagga. Tunamshukuru, ila alikiandika kwa Kijerumani, kwa hiyo hata leo wengi wa wajukuu wa waliomsimulia hawawezi kukisoma. Na karatasi haikuweza kubeba zile nafasi ambazo msimulizi hunyamaza akisubiri jibu.

Redio ilipoingia majumbani, wahusika wakaja kwa njia ya hewa. Julai 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, uliotungwa ili kuzungumzia uzazi wa mpango na ukimwi. Mkwaju, dereva wa lori, alikuwa na wanawake kila alikopita. Mkewe, Tunu, alivumilia, kisha akamwacha na kujitegemea kwa biashara ndogo. Mchezo ulirushwa nchi nzima isipokuwa kwa mtambo wa Dodoma, ambako uliachwa makusudi hadi 1995 ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Wasikilizaji waliandika barua, na Mkwaju akawa mtu wa kutolewa mfano katika mazungumzo ya kawaida, kana kwamba ni jirani. Mwishowe ukimwi ulimuua. Watunzi walijua tangu mwanzo wanampeleka wapi.

Hatua iliyofuata ilitoka Nairobi. Mwaka 2010 kampuni ya Well Told Story ilianzisha Shujaaz, katuni na kipindi cha redio cha DJ Boyie, kijana wa kubuni anayerusha matangazo ya kificho kutoka chumbani kwake. Vijana walimtumia meseji, naye akajibu. Baadaye Tanzania ikapata wa kwake, DJ Tee. Hapa ndipo soga na mhusika ilipofikia simu ya mkononi katika ukanda wetu, miaka kadhaa kabla ya akili mnemba kuwa gumzo. Nyuma ya majibu hayo walikaa waandishi wenye mshahara na akili timamu, ambao kijana akiandika jambo la hatari waliweza kulitambua.

Mashine nayo ina historia yake. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alieleza programu yake ELIZA, iliyojifanya mtaalamu wa saikolojia kwa kumrudishia mtu maneno yake kama maswali. Alishtuka kuona watu wakiifungulia mioyo. Character.AI, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2022, ikaweka wahusika wa aina hiyo mikononi mwa mamilioni. Mwaka 2024 mama mmoja wa Florida aliishtaki baada ya mwanawe wa miaka 14, aliyezama katika soga na mhusika wake, kujiua. Mwishoni mwa 2025 kampuni ikawazuia walio chini ya miaka 18 kuendelea na soga hizo za wazi.

Jambo jipya, basi, ni kwamba mhusika huyu hana anayeangalia macho ya watoto. Hakuna mtu wa kushusha mchi. Yeye hujibu kila anapoulizwa, saa nane za usiku kama saa nane za mchana, na kampuni hunufaika kadiri unavyokaa.

Sitaki vijana wetu waache kuigiza; uigizaji ulitulea. Ninachokitaka ni kitabu cha Gutmann kifasiriwe kwa Kiswahili, na wanaotengeneza programu hapa nchini wapande Kidia, Marangu na Kibosho wakakae na wazee ambao bado wanaweza kuwa Mawenzi, wawarekodi wakisimulia mbele ya wajukuu, pamoja na ule ukimya wao na namna wanavyoifunga hadithi. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na kuwarekodi hakuhitaji zaidi ya kinasa sauti na nauli ya daladala.