Jeuri ya Tofali: Nyumba ya Arthur Allen, Virginia

Mwaka 1665, huko Surry katika koloni la Virginia, mfanyabiashara Mwingereza Arthur Allen alijijengea nyumba ya ghorofa kwa matofali, wakati karibu majirani zake wote wakiishi katika nyumba za mbao ambazo nguzo zake zilichimbiwa ardhini hadi zioze. Majirani hao walikuwa na hesabu zao. Tumbaku ilichosha udongo upesi, mkulima akahamia shamba jipya, hivyo nyumba ya miaka michache ilimtosha. Ndiyo maana naisoma nyumba ya Allen kama tamko la mtu aliyekwisha kuamua kwamba ardhi ile ni yake na ya uzao wake, na kila apitaye alijue hilo.

Mpinzani atasema tofali huhimili moto na unyevu, basi mwenye uwezo angetumia nini kingine? Hoja hiyo inaeleza kuta tu. Haielezi kwa nini kuta za ubavuni zimepandishwa hadi juu ya paa zikiwa na mikunjo na vidato, mtindo uliotamba Uholanzi kabla ya kupendwa na Waingereza, wala kwa nini kila ubavu una dohani tatu zilizopangwa bega kwa bega, kila moja imegeuzwa hata kona yake ikatazama mbele. Moshi ungetoka vilevile kwenye dohani moja isiyo na pambo. Tena nyumba ina umbo la msalaba: mbele kibaraza cha ghorofa, nyuma mnara wa ngazi. Katika nyumba nyingi za wakati ule mgeni aliingia moja kwa moja walipo wenyeji. Kwa Allen alizuiwa kwanza kibarazani, akangoja kuruhusiwa.

Wapo wanaosimulia kwamba matofali ya nyumba za namna hii yaliletwa kwa meli kutoka Uingereza. Haja ilikuwa wapi? Udongo mfinyanzi ulikuwepo, kuni zilijaa, na chokaa ya Virginia ilichomwa kutokana na makombe ya chaza, kama pwani yetu inavyochoma matumbawe. Simulizi hiyo inawafuta waliokanda udongo na kukesha kwenye matanuri, kazi ambayo kolonini iliwaangukia watumishi wa mkataba na Waafrika waliofanywa watumwa. Miaka 3 tu kabla ya ujenzi huu, Virginia ilitunga sheria kwamba mtoto wa mama mtumwa ni mtumwa.

Mwaka 1676 waasi walioongozwa na Nathaniel Bacon dhidi ya gavana wa Virginia waliiteka nyumba hii, mali ya mwana wa Allen aliyemuunga mkono gavana, wakaigeuza ngome kwa miezi kadhaa. Bacon mwenyewe hakuishi humo, lakini mpaka leo inaitwa Bacon's Castle. Uani bado imesimama nyumba ya watumwa ya karne ya 19. Atakayezuru Surry aanzie huko, kisha ndipo akazitazame dohani.