Asili ya Mkate wa Nyumbani

Wako watu wasemao ya kuwa mkate ni chakula cha kigeni kilicholetwa na Wazungu, na ya kuwa kazi yetu sisi ni kuununua dukani tu. Neno hili twaliona si kweli, tena lina madhara, maana mtu akidhani kazi fulani si ya kwao hajifunzi kuitenda.

Kwanza tulitazame jina lenyewe. Katika Kiswahili cha zamani mkate haukuwa lazima uwe wa ngano. Wazee walisema hata mkate wa tumbako, yaani tumbako iliyoshindiliwa ikawa bonge. Watu wa pwani walikuwa na mkate wa mofa, wa unga wa mtama, uliookwa katika tanuri ya udongo. Na mkate wa kumimina, wa mchele na tui la nazi, ungali ukipikwa Unguja na Mombasa hata leo. Mikate hiyo haikuingoja ngano.

Na hamira je? Jina lake ni la Kiarabu, lakini mama wa pwani aliweza kutia tembo la mnazi katika unga, akaufunika, na alipourudia aliukuta umeumuka. Katika miaka ya 1850 Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alionyesha ya kuwa uchachu ni kazi ya vijidudu vyenye uhai. Vijidudu hivyo hula sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo iinuayo donge. Jamaa yao ni moja, walio katika tembo na walio katika hamira ya dukani. Yule mama hakuwajua kwa jina, lakini kazi yao aliijua sana.

Twaa sasa mkate upikwao Kimara, kando ya barabara ya Morogoro, mahali palipokuwa mashamba kabla mji wa Dar es Salaam haujavifikia vilima vyake. Nyumba isiyo na tanuri yaweza kuoka vema. Unga wa ngano, hamira, chumvi, sukari kidogo na maji ya uvuguvugu hukandwa mpaka donge lisishike mikononi. Huachwa liumuke hata liwe maradufu, kisha hutiwa katika sufuria iliyopakwa mafuta. Makaa machache huwekwa chini, na mengi zaidi juu ya kifuniko. Mpishi mzoefu haangalii saa, hunusa. Makaa ya chini yakizidi, mkate huungua kitako na kubaki mbichi kati. Na wengi huilaumu hamira bure. Basi sufuria hiyo, yenye moto juu na chini, ni tanuri kwa umbo jingine.

Iliyo ngeni ni ngano. Joto la pwani haliipendi. Hulimwa nyanda za juu, na sehemu kubwa ya ngano tuilayo Tanzania hutoka ng'ambo, hata vita vya Ukraine vya mwaka wa 2022 vilipandisha bei yake. Serikali ilijaribu kuuondoa upungufu huo. Tangu miaka ya 1970 mashamba makubwa yalifunguliwa Hanang kwa msaada wa Kanada, na mjini Dar es Salaam kikajengwa kiwanda cha mikate chenye mitambo ya huko huko Kanada. Wafugaji Wabarabaig wakapoteza malisho yao. Watu wa kijiji cha Mulbadaw walishtaki, wakashinda katika Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Gharama hiyo haiandikwi juu ya karatasi ya mkate. Na pamoja na hayo yote, mwanzoni mwa miaka ya 1980 mkate wa dukani uliadimika, watu wakapanga foleni.

Mtama wa mofa haujatoweka. Kibaba kimoja cha unga wake kikichanganywa na vibaba vinne vya ngano, donge huumuka, ila halipandi sana, kwa kuwa ni ngano iliyo na mnato wa kuishika hewa.