Mlima Meru Kipindi cha Kiangazi: Hali ya Njia ya Kupanda na Kushuka

Mlima Meru, uliomo ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, una urefu wa takribani mita 4,560 na ni wa pili nchini baada ya Kilimanjaro. Wapandaji wengi huuendea kati ya Juni na Oktoba, baada ya masika kwisha na kabla ya vuli kuanza. Neno kiangazi huwapa baadhi ya wananchi matumaini ya joto na njia nyepesi. Ukweli ni kwamba mvua ikiondoka, huacha vumbi, changarawe zisizoshika mguu na baridi inayogandisha maji usiku.

Njia iliyoruhusiwa huanzia Lango la Momella, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na kila kundi husindikizwa na askari wa hifadhi mwenye silaha. Sababu ni nyati. Sehemu ya kwanza hupita mbugani na msituni wanamoishi nyati, tembo na chui, hivyo mpandaji hatakiwi kumtangulia askari wala kubaki nyuma kupiga picha.

Kutoka langoni hadi vibanda vya Miriakamba (mita 2,514) zipo njia mbili, nazo ndizo zinazoufanya msafara huu uwe wa mzunguko. Ile ndefu huchukua saa nne hadi tano. Hupita kwenye mti mashuhuri wa jamii ya mkuyu uliojipinda mithili ya lango, ambao gari huweza kupita chini yake, kisha hupanda polepole msituni. Ile fupi hukata moja kwa moja na ina mwinuko mkali. Utaratibu uliozoeleka ni kupanda kwa ndefu na kushuka kwa fupi. Mwanzoni mwa Juni udongo wa msituni bado huwa na utelezi. Kufikia Agosti hugeuka vumbi laini, na kitambaa cha kufunika pua huwa na manufaa kuliko koti la mvua, ingawa koti hilo nalo lisiachwe nyumbani, kwa kuwa ukungu wa alasiri hulowesha nguo msimu wowote.

Kutoka Miriakamba, njia hupanda kwa ngazi nyingi kupitia Topela Mbogo na Mgongo wa Tembo hadi vibanda vya Saddle (mita 3,570), mwendo wa saa tatu hivi. Mwenye nguvu iliyobaki hupanda alasiri hiyo Meru Ndogo (mita 3,820), kisha hurudi kulala chini yake. Zoezi hilo lina thamani kubwa kwa mwili unaojifunza kuishi na hewa hafifu, na haifai kulikwepa kwa kisingizio cha uchovu.

Sehemu ngumu huanza baada ya usiku wa manane. Kupita eneo liitwalo Rhino Point, njia hufuata ukingo wa kasoko ya volkano, mteremko mrefu ukiwa mkono wa kushoto wa anayepanda. Hapa pana miamba ya kupanda kwa mikono na majivu ya volkano yanayorudisha hatua nyuma. Usiku wa Juni hadi Agosti miamba huweza kuwa na barafu nyembamba isiyoonekana kwa mwanga wa tochi. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo usiku ambao mjini Arusha ni wa sweta, kileleni ni wa glovu, kofia ya sufu na nguo tatu juu ya nyingine. Baina ya Saddle na kilele hakuna maji. Kila mtu abebe yake, chupa ikiwa ndani ya nguo isigande.

Ajali za miguu hutarajiwa zaidi wakati wa kurudi. Jua likishapanda, changarawe hulegea, magoti yamechoka na macho yanatazama mbali. Anayechagua safari ya siku tatu hulazimika kushuka kutoka kileleni hadi langoni, karibu mita 3,000, ndani ya siku moja aliyoianza usiku. Safari ya siku nne humlaza Miriakamba kabla ya kumalizia, na kwa mgeni wa milima ndiyo inayofaa, hata kama gharama yake ni kubwa zaidi. Fimbo mbili za kutembelea si urembo kwenye mteremko huu.

Maumivu ya kichwa yanayoongezeka, kutapika au kuyumba ni dalili za mwili kushindwa na urefu. Dawa yake ni kushuka mara moja, hata kama kilele kinaonekana. Meru ni mfupi kuliko Kilimanjaro, na kwa sababu hiyo baadhi ya watu huudharau, ilhali maradhi ya mwinuko huweza kuanza kwenye mita 2,500, yaani Miriakamba.

Aidha, nyasi na vichaka vya juu huwa vikavu kama kiberiti kufikia Septemba. Moto ulioteketeza uoto wa Kilimanjaro Oktoba 2020 ulitokea katika majira kama haya. Kuwasha moto njiani au kutupa kipande cha sigara ni marufuku.

Raia wa Tanzania na wa nchi nyingine za Afrika Mashariki hulipa viwango vilivyo chini ya vile vya wageni wengine, kwa sharti la kuonesha kitambulisho langoni. Nafasi za kulala vibandani ziombwe mapema, hususan kwa Julai na Agosti.