Sikio Lilitangulia Kitabu

Msomaji, usidhani ya kuwa ngazi za sauti zilianza vitabuni. Katika bluzi, muziki wa Waamerika weusi, waimbaji wa zamani walizoea kuishusha kidogo sauti ya tatu na ya saba, nyimbo zao zikajaa majonzi. Karibu na mwaka 1941, wanamuziki wa jazi waliokutana usiku katika kilabu cha Minton's Playhouse, New York, walizidi hapo. Wimbo ulipokaribia kurejea kwenye kituo chake, katika fungu la sauti lililotangulia kituo hicho waliigeuza nusu hatua, juu au chini, sauti ya tano na ya tisa. Sikio lilishtuka, mfano wa mtu asimamaye kwa mguu mmoja. Kituo kilipofika, likatulia.

Mmoja wao alikuwa mpiga gitaa Charlie Christian, aliyefariki mwaka 1942 akiwa na miaka 25 tu. Sahani zake za santuri zilimfikia kijana wa Indianapolis, Wes Montgomery. Huyu hakujua kusoma noti, na mchana alifanya kazi ya kuajiriwa. Lakini alizifuata sahani hizo kwa sikio, sauti moja moja, hata akaweza kuzipiga. Mwaka 1960 sahani yake mwenyewe ilimpatia sifa kubwa.

Leo vitabu hupanga sauti zilizogeuzwa katika ngazi moja ya sauti saba, nawe waweza kuikariri kwa siku moja. Ila usipojua wimbo unarejea wapi, utapiga sauti ngeni tupu. Basi kabla ya kushika gitaa, sikiliza, imba ulichokisikia, ndipo ukitafute katika nyuzi.