Nani Alilipa Bili ya Burudani Nairobi?

Ukitaka kujua mji unamwona mtu vipi, usiangalie kazi uliyompa. Angalia umempangia nini akishatoka kazini. Nairobi imekuwa ikiwapangia watu burudani kwa zaidi ya miaka 100, na kila nikisoma historia hiyo naona maswali mawili yakirudi: nani analipa, na nani anaamua?

Tuanzie Pumwani. Mtaa huu ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wa mji wakae mahali pamoja, karibu na kazi lakini mbali na Wazungu. Miaka hiyo hiyo, kanjo ya wakati huo ikafungua kilabu cha pombe papo hapo mtaani. Mbinu yenyewe haikuzaliwa hapa. Ilitoka Durban, Afrika Kusini, ambako manispaa ilikuwa imegundua biashara tamu sana: unapiga marufuku pombe inayopikwa nyumbani, halafu wewe mwenyewe unakuwa muuzaji pekee. Faida inaingia kwenye mfuko wa ustawi wa Waafrika.

Hebu piga hiyo hesabu polepole. Mama wa Pumwani aliyekuwa akilisha watoto kwa kupika pombe anageuzwa mhalifu. Mteja wake anahamia kwa kanjo, kwa sababu ndiyo pekee yenye ruhusa. Pesa yake inahesabiwa, inawekwa kwenye mfuko, kisha inamrudia kama huduma za jamii, na anatarajiwa aseme asante. Yaani Mwafrika alijinunulia burudani yake mwenyewe, mtungi baada ya mtungi, na bado ikaitwa hisani ya serikali.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hofu iliongezeka. Askari walikuwa wamerudi na macho yaliyofunguka, na Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma mji mzima ukasimama. Kwa maofisa wa kikoloni, kijana asiye na la kufanya jioni alikuwa hatari. Basi apewe mpira, ndondi, sinema, ukumbi wa dansi. Akichoka, hatakuwa na nguvu ya siasa. Ndivyo walivyodhani.

Mwaka 1948 ukatoka mpango mkuu wa Nairobi. Uliuona mji kama vitongoji, kila kimoja na shule yake ya msingi na nafasi zake za wazi. Kwenye karatasi, wazo lilikuwa zuri. Kaloleni, iliyojengwa miaka hiyo ya 1940, bado inaonyesha fikra za aina hiyo: nyumba za familia badala ya vyumba vya makapera, nyasi katikati, na ukumbi wa jamii ambao mtaa mzima unauzunguka. Ila mpango haukuuliza wakaaji wanataka nini, na uliacha ubaguzi wa makazi ukiendelea kama kawaida.

Wakaaji walijibu kwa njia yao. Ukumbi uliokusudiwa kuwatuliza waliugeuza bunge lao. Wanachama wa KAU walikutana pale. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa pamoja wa KAU na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama ndani ya ukumbi huo wa Kaloleni na kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Si marekebisho kidogo, si viti viwili zaidi. Uhuru. Wiki tatu baadaye alikamatwa pamoja na Fred Kubai, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Singh alifungiwa mbali na watu hadi 1961.

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Mtu anaweza kujenga ukumbi kwa nia yake, lakini hawezi kuamua watu watazungumza nini wakikaa ndani. Ukiwapa watu paa, viti na muda, watapanga mambo yao.

Labda ndiyo maana baada ya uhuru wakubwa walianza kuziona nafasi hizi kama ploti tu. Uhuru Park ilifunguliwa 1969. Miaka 20 baadaye, chama tawala kikataka kusimamisha ndani yake jumba la ghorofa 60. Wangari Maathai aliandika barua, akatukanwa bungeni, akaendelea kuandika, na mwishowe jumba halikujengwa. Jeevanjee nayo, bustani ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliupa mji 1906, iliponea chupuchupu kugeuzwa jengo la kuegesha magari mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mjukuu wake, Zarina Patel, alikuwa mstari wa mbele kuitetea.

Sasa fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, uone majukumu ya kaunti. Bustani, michezo na sehemu za burudani zimo. Lakini soma kipengele chote: vimewekwa pamoja na leseni za pombe na kamari. Nilicheka nilipoiona hiyo orodha. Karibu miaka 90 baada ya kilabu cha Pumwani, pombe na uwanja bado ni majirani.

Tofauti ni kwamba safari hii sheria inataka wananchi washirikishwe kabla ya bajeti kupita. Najua, mikutano hiyo huitishwa ghafla, saa ambayo watu wako job, na wengi huenda tu kwa sababu ya soda. Lakini watu wa Kaloleni hawakungoja ukumbi mzuri kuliko ule. Kwa hivyo kaunti yako ikiita kikao, ingia na uulize mambo matatu: leseni za baa za mtaa huu zimeingiza ngapi, ni ngapi kati yake imerudi kwenye uwanja wetu, na funguo za ukumbi ziko kwa nani?