Fuvu la Zinji na Taya la Peninj

Mtu asimamaye juu ya vilima vya Samunge, katika nchi ya Wasonjo, akielekea mashariki, huwa ameelekea bonde la Ziwa Natron. Upande wa magharibi wa ziwa hilo, mahali paitwapo Peninj, Kamoya Kimeu, Mkenya mwenye jicho kali, aliokota taya la chini mwaka 1964. Thamani ya taya hilo haieleweki ila kwanza tukumbuke habari za Olduvai.

Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona huko fuvu la kiumbe mwenye magego mapana mno. Mumewe, Louis, alimwita Zinjanthropus, kwa kufuata Zinji, jina ambalo Waarabu wa kale waliliita pwani yetu. Kwa kuwa zana za mawe zilikuwa kando ya fuvu, alihukumu kwamba Zinji ndiye aliyezichonga, naye ndiye babu yetu. Mwaka 1961 vipimo vya miamba ya volkano vilionyesha umri wa miaka ipatayo 1,750,000.

Heshima hiyo haikudumu. Bonde lile lile lilitoa mifupa ya kiumbe mwingine, mwenye meno madogo na ubongo mkubwa zaidi, na mwaka 1964 akaitwa Homo habilis, yaani mtu stadi. Zana zote akapewa huyo.

Taya la Peninj lilikuwa la ukoo wa Zinji, nalo lina umri wa miaka kama 1,500,000. Basi ukoo huo uliishi muda mrefu sambamba na wazee wetu, kisha ukatoweka. Asili ya mwanadamu si ngazi ya kupandwa daraja moja baada ya jingine, bali ni mti wenye matawi, na mengi yamekauka.

Lakini je, hukumu ya zana ilikuwa ya haki? Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba huko Nyayanga, Kenya, magego ya ukoo kama wa Zinji yamepatikana pamoja na zana za mawe zenye umri wa miaka 2,600,000 au zaidi. Kesi imefunguliwa tena, na ushahidi ni wa namna ile ile ya 1959: jino limelala karibu na jiwe. Ujirani si ufundi. Aliyekutwa karibu na kisu huenda ndiye mwenye kisu, na huenda ndiye aliyechinjwa. Mifupa haisemi, husemewa. Yampasa mwanachuoni, kabla ya kuisemea, atenganishe alichokiona na alichokidhani.